Mteremko wa Lango la Shule

Jumatatu, 9 Julai 2001

Shule zimefunguliwa. Vumbi tupu. Nimeamka na moyo mzuri, nimepiga suruali pasi, nimefuta gari kwa kitambaa cha mke wangu. Kumbe kilikuwa cha mteja wake wa ushonaji.

Gari langu halina stata. Ilikufa mwezi ule ule niliopunguzwa kazi kwenye jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba, na sijawahi kumwambia mtu kipi kiliniuma zaidi. Bila stata, gari linataka mteremko. Mtaa wetu wote ni tambarare, isipokuwa hatua thelathini mbele ya lango la shule ya Mwalimu Veronica. Unaliacha pale. Ukirudi unaachia breki, linashuka lenyewe, unatia gia ya pili, linawaka. Heshima!

Leo nimekuta mahali pangu pana mtu. Pikapu nyeupe, mpya. Ya Januarius! Huyu Januarius alikuwa mbeba marobota pale jineri wakati mimi ni karani wa mizani. Aliniita bosi. Siku hizi pamba inanunuliwa na kila mwenye kampuni, na yeye ni wakala wa mojawapo. Ananiita kaka.

Nimeegesha kwenye mchanga. Wakati wa kuondoka wamenisukuma wazazi wanne, mmoja mjamzito. (Alijitolea mwenyewe.) Kwandu, binti yangu wa pekee, miaka saba, alisimama langoni akatazama, kisha akaingia darasani bila kunipungia mkono.

Esteria, mke wangu, anasema kengele ya shule inasikika hadi kwetu, kwa nini mtoto asitembee? Nimemwambia kuna mambo asiyoyajua. Amerudi kwenye cherehani yake. Ndiye anayeshona sare za shule nzima, na hiyo ndiyo ada ya Kwandu. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Jumanne, 10 Julai

Mpango: kuwahi. Saa kumi na mbili kasoro tumeshatoka. Kwandu hakupata chai. Nimemwambia wanajeshi hawasubiri chai.

Nimepata mahali! Na ili Januarius asipate hata pembe, nimeliweka kimshazari. Kumbe kimshazari kinaziba nusu ya lango. Watoto wamepita ubavuubavu kama mbuzi kwenye josho. Mmoja wa darasa la tatu amechana shati kwenye bampa. Mzee Thomasi, anayeleta wajukuu zake kwa mkokoteni wa ng'ombe, imebidi awashushe kule barabarani, malori ya pamba yakipita, akawavusha mmoja mmoja kwa mkono. Nimemsalimia vizuri kwa Kisukuma, mwangaluka guku, umeamkaje babu. Amewasemesha ng'ombe wake.

Mwalimu Veronica ametoka kuniomba nisogee. Nimemweleza kitaalamu kwamba gari hili halirudi nyuma kupanda. Ameniangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyekataa majani.

Jioni Esteria ameletewa shati la kutia kiraka. Hakuniuliza limechanika wapi.

Alhamisi, 12 Julai

Jana Januarius aliwahi. Leo nimetoka saa kumi na moja na nusu. Yupo! Sijui huyu mtu analala saa ngapi.

Nimebadili mbinu. Barua. Nimemwandikia Mwalimu Veronica, bila jina, kurasa tatu, kwamba kuna mzazi mwenye pikapu nyeupe anayehatarisha maisha ya watoto wetu, na achukuliwe hatua kali. Nimetia sahihi: Mzazi Mwenye Uchungu. Uandishi safi kabisa. Ukarani hautoki mwilini.

Nimempa Kwandu akaiache mezani kwa mwalimu, asionekane. Ameuliza kama ni barua ya kumwombea ruhusa ya kuja kwa miguu, yeye na Anna. Anna ni nani? Binti wa Januarius. Wanakaa dawati moja tangu Januari! Hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 14 Julai

Mkutano wa wazazi. Siku mbaya.

Mwalimu Veronica ameisoma barua mbele ya wote. Alipoishika juu nikaona kosa langu. Karatasi ni zile za jineri, zenye jina la chama cha ushirika kwa juu. Boksi zima niliondoka nalo. Bariadi hii nani mwingine anazo? Vichwa vimegeuka kimoja baada ya kingine.

Nilijiandaa kwa vita. Januarius akasimama, akavua kofia. Akasema kaka Method ana haki, kosa ni lake, anaomba radhi. Akapendekeza magari yote yasimame uwanja wa kanisa, ng'ambo ya barabara, na yeye mwenyewe atapanga mawe ya chokaa mbele ya lango ili watoto wapite salama. Watu wamepiga makofi. Mzee Thomasi amepiga makofi kwa kusimama. Mikono yote ikanyooshwa, na wangu pia, kwa sababu Esteria alikuwa ananiangalia.

Mtu hakubali upesi namna hiyo bila kuwa na lake. Nitalichunguza.

Jumatatu, 16 Julai

Mawe meupe yapo. Magari yote ya wazazi (manne na pikipiki) yapo uwanja wa kanisa. Mteremko uko wazi. Mtupu!

Nimetafakari kama dakika moja. Nia ya mkutano ilikuwa kuzuia wenye magari yanayowaka. Mimi nina udhuru. Nimesogeza mawe mawili kwa mguu, nikaegesha. Niko peke yangu pale mbele. Nimejisikia kama zamani, foleni ya wakulima ikinisubiri nisome mizani.

Januarius amekuja dirishani. Amesema ana fundi mzuri, na ana stata iliyotolewa kwenye gari la kampuni, bado nzima. "Ichukue, kaka. Upumzike na haya mahangaiko." Wasichana wawili wamesimama pale, wanasikiliza. Nimemjibu kwamba gari langu halina tatizo lolote, na kwamba mimi nilikuwa naendesha yeye akiwa bado anabeba.

Amemshika Anna mkono wakaondoka.

Kwandu ameniuliza kwa nini nimekataa. Nimemwambia ataelewa akikua. Amesema ameshaelewa.

Jumanne, 17 Julai

Habari mpya: kesho Januarius analeta madawati shuleni. Msaada! Ishirini, ya mninga. Mama mmoja kanisimulia kwa furaha kama vile madawati yanakwenda nyumbani kwake. Sasa ninaelewa ule upole wa kwenye mkutano. Anataka uenyekiti wa kamati ya shule.

Pikapu yenye madawati inahitaji lango zima. Lango zima halitapatikana. Madawati yataingia kwa vichwa vya watu, moja moja, na yeye atakuja kuniomba. Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Jumatano, 18 Julai

Naandika jioni, kwenye benchi la hospitali ya wilaya.

Asubuhi Kwandu aliamka na mwili wa moto. Esteria akasema leo mtoto alale. Nikasema homa ya asubuhi inakatwa na jua. Ukweli nauandika hapa tu: bila mtoto ndani ya gari sikuwa na sababu ya kuwa langoni. Nikambeba hadi kiti cha mbele. Njiani aliegemeza kichwa kwenye mlango.

Tulipofika, pikapu ilikuwa imeshaingia ndani, madawati yanashushwa. Amewahi tena! Hasira zikanipanda. Sawa, kama kuingia ameingia, tuone atatokaje. Kwandu akashuka akaingia darasani, nami nikaliweka gari kwa upana mzima wa lango, bampa ya mbele kwenye nguzo hii, ya nyuma karibu na nguzo ile. Nikafunga usukani, nikafunga milango, nikaenda sokoni kucheza drafti na ufunguo mfukoni. Maneno ya kumjibu nilikuwa nimeshayapanga.

Saa nne mtoto amepata degedege darasani.

Haya mengine nimesimuliwa. Januarius aliwasha pikapu, Mwalimu Veronica akapanda na Kwandu mapajani, wakafika langoni, wakanikuta. Yaani wakakuta gari. Wakapiga honi. Wakaniita. Walimu na wanaume wa mtaani wakajaribu kulinyanyua. Wakavunja kioo, wakaachia breki, usukani ukakataa, gari likajibana zaidi kwenye nguzo. Mwishowe Januarius akamchukua Kwandu, akapanda juu ya boneti naye mikononi, akateremkia upande wa pili. Mwalimu Dastan akatoa baiskeli. Yeye akaendesha, Januarius akakaa nyuma amemkumbatia mtoto. Hospitali iko mwisho wa mji. Kuna mchanga njia nzima.

Mimi nilikuwa nashinda. Nilikuwa na kete mbili za mfalme. Mzee Thomasi akaja akasimama mbele ya ubao. "Method," akasema. Jina tupu. "Mwanao."

Nikakimbia. Pale langoni watu wakanipisha. Na hapa niandike kweli, maana hakuna atakayesoma. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni kioo.

Nikaingia, nikafungua usukani, nikaomba wanisukume niwahi hospitali. Hakuna aliyesogea. Hata mmoja. Nikaliacha mlango wazi, nikaenda kwa miguu.

Alhamisi, 19 Julai

Yuko hai.

Malaria ilipanda kichwani. Alfajiri amefumbua macho, amemwita mama yake. Nimemwita mimi, hakugeuka. Nimedhani ana hasira. Daktari amepiga makofi karibu na sikio la kulia, mtoto akashtuka. Akapiga karibu na la kushoto. Hakuna kitu. Daktari anasema usikivu unaweza kurudi, unaweza usirudi. Akasema laiti angefikishwa mapema kidogo, halafu akatazama faili, hakumaliza. Sikumwomba amalize.

Januarius amekuja na chupa ya uji na Anna. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasema mwangaluka. Naye akaitikia mwangaluka, akaketi na Esteria. Nimetoka nje nikasimama juani muda mrefu.

Niliporudi, Esteria alikuwa anakunja nguo. Hakuinua sauti. "Akitoka hapa nampeleka Lingeka, kwa mama yangu. Kule watoto wanakwenda shule kwa miguu, na wanafika."

Nimemuuliza, na mimi? Amesema mimi nina gari.

Jumamosi, 21 Julai

Jambo la ajabu! Nimetoka nje asubuhi, gari lipo mlangoni kwangu, limefungwa stata. Fundi wa Januarius alilitengeneza jana. Esteria ndiye aliyempa ruhusa, alitaka liondoke pale langoni. Kioo hakuna, lakini zungusha ufunguo na linawaka! Sihitaji msukumaji. Sihitaji mteremko. Naweza kulisimamisha popote pale duniani.

Kwandu anaruhusiwa leo. Esteria amekata shauri kupanda basi la kwenda Mwanhuzi, na kutoka hapo watatafuta usafiri wa Lingeka. Lakini mimi namjua mke wangu. Akitoka tu akaliona gari, likanguruma mara moja mbele yake, moyo utalainika. Nitamwambia, Mama Kwandu, ingia, yamekwisha. Kwa hiyo lazima gari liwe kitu cha kwanza atakachokiona. Si kule chini ya miti wanakoegesha wengine. Pale mbele.

Nimefika saa mbili. Nimeliweka mlangoni kabisa mwa hospitali, ubavu kwa ubavu na ngazi. Mlinzi, anaitwa Mayala, amesema hapa ni pa gari la wagonjwa tu. Nimemjibu mimi nina mgonjwa. Amesema kila mtu humu ana mgonjwa. Hana adabu. Amenisihi, baba, sogea hatua kumi tu. Nimemwambia namsubiri mke wangu, dakika mbili.

Ni saa tatu na robo. Nimekaa kwenye usukani, naandika. Basi la Mwanhuzi linaondoka saa nne, muda upo. Nimefanya mazoezi ya kuwasha mara tatu, kila mara limewaka.

Nyuma yangu limekuja gari la wagonjwa kutoka vijijini, linapiga honi mfululizo. Ndani kuna mwanamke analia, nadhani ni mzazi, ana uchungu wa kujifungua. Dereva ametoa kichwa na kunipigia kelele. Watu wa mji huu hawana subira hata chembe. Nimemwonyesha kidole kimoja, kwamba asubiri kidogo, namalizia ukurasa.