Nyota Iliyokataa Kufutika

Jumatano, 21 Novemba 2012

Wewe Elvana, mjukuu usiye na haya! Miaka mitatu uko Italia, bibi yako umemwachia daftari, kana kwamba daftari litamkanda mgongo. Haya, utasoma ukija. Shule sikuikanyaga. Herufi nilifunzwa na babu yako kwa mkaa ukutani, basi makosa kamlaumu yeye kaburini.

Jumatano ijayo Albania inatimiza miaka mia ya uhuru. Makumbusho ya mji yanataka vitu vya 1912. Kabati la kioo limebaki na nafasi moja. Moja! Babu yake babu yako aliwasindikiza wajumbe hadi Vlora, walikoutangaza uhuru, nyumbu wake kabeba jibini lao. Bila jibini, uhuru gani? Lazima jina letu liingie. Ushahidi? Hatuna. Jibini walilila.

Alhamisi, 22 Novemba

Jirani Naxhije kapeleka bunduki ya babu yake. Kapita mlangoni kwangu makusudi, kaniuliza kama sisi tutapeleka kwato. Nikamwambia bunduki ile haijaua hata sungura.

Nimefungua sanduku langu la harusi. Mna bendera! Ya enzi za ushirika, ilitundikwa dirishani ghalani miaka ishirini. Tai ni yuleyule wa vichwa viwili. Kasoro moja: nyota ya njano ya chama cha kikomunisti, imeshonewa juu ya vichwa. Lakini uzi dawa yake mkasi.

Ijumaa, 23 Novemba

Nyota nje! Bendera nimeichovya kahawani, nimeizika bandani kwa kuku. Nilifumua macho nimeyafumba, sikuitazama mara mbili. Itanuka miaka mia na ushee.

Jumatatu, 26 Novemba

Aibu! Dritan, mkuu wa makumbusho, ambaye kamasi zake nimezifuta mimi, kaitandaza mezani. Kumbe jua liliipausha bendera nzima, ila chini ya nyota. Nyota ipo palepale, nyekundu kama damu, inaonekana kuliko ilipokuwa njano!

Naxhije, aliyekuja kuipangusa bunduki yake, kauliza kwa sauti ya kuitia kuku: kwani wakwe zangu walikuwa manabii, wakaiona nyota ya chama miaka thelathini kabla?

Dritan kasema, mama Hatixhe, siku kama hii siwezi kuwawekea watoto uongo. Kisha kanimaliza. Chumba cha miaka ya ushirika hakina bendera hata moja yenye nyota, mji mzima ulizifumua nyota chama kilipoanguka. Yangu ingekuwa ya pekee. Ingekuwa! Akaniomba nimsimulie habari za nyumbu, azirekodi, wageni wasikilize. Nikamwambia maneno ni upepo, hayakai kabatini. Nikaondoka na bendera yangu.

Jumatano, 28 Novemba

Sherehe. Jina la babu yake Naxhije limeandikwa kwenye kadi, herufi nene. Nimelia kidogo. Moshi wa fataki.

Jioni mshenzi huyo kaniletea pai ya mchicha, ya moto. Nimeila yote, nikamsifu kwa shida.

Sasa naishona nyota upya. Uzi ni mpya, unang'aa kama jino la dhahabu. Basi ukija, chokoleti ziache hukohuko. Niletee uzi wa njano uliopauka. Na ukiona sokoni kengele ya nyumbu, kuukuu, nunua. Isiwe na kutu sana, kutu nitaitia mwenyewe.