Malalamiko Kuhusu Aproni Niliyovikwa na Picha Iliyofika Kosele

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule anayosoma binti yangu Bosibori,
Rongo.

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

KUH: KUFUTWA KWA SOMO LA UBUNIFU, TEKNOLOJIA NA MAPISHI KABLA HALIJATUMALIZA

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na umeketi, kwa sababu ni nzito. Mimi ni Elkana Nyabuto, babake Bosibori wa Gredi ya Kumi. Karo nalipa, mikutano nahudhuria, na mwaka jana nilitoa jogoo kwa sherehe ya shule bila kuombwa mara mbili. Sijazoea kulalamika. Lakini haya mliyonitendea siku ya wazazi, Mwalimu, hata mahasimu wangu wa mipaka ya shamba hawajawahi kunitendea. Nitayataja moja baada ya jingine, nawe upime mwenyewe.

1. Mwaliko. Barua yenu ilisema, nanukuu, kwamba "mzazi wa kiume atashiriki katika mapishi." Sasa, Mwalimu, wewe ni mtu wa huku huku. Mwanamume wa rika langu akiambiwa atashiriki katika mapishi, anaelewa nini? Anaelewa kwamba ataketi, ataletewa maji ya kunawa, na atakula. Nililinyima tumbo langu chakula tangu usiku. Nikavaa suti ile ya harusi na tai. Nikatayarisha hata maneno machache ya kuwashukuru wapishi. Kufika pale, Mwalimu Caren, yule anayefundisha somo lenyewe, akanivika aproni yenye maua mekundu, akanipa mwiko, akanionyesha sufuria. Wazazi wengine walikuwa wanatazama, kwa hivyo sikuweza kukimbia. Na njaa ilikuwa inaniuma.

2. Jiko. Binti yangu alibuni jiko kwa mkebe wa rangi, udongo wa kichuguu na majivu. Linatumia vijiti vitatu tu na halitoi moshi. Mlimpigia makofi. Nami nilipiga, kwa sababu ni damu yangu, lakini tangu alilete nyumbani sina amani. Hamkufikiria kwamba moshi una kazi yake? Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwetu hatukuhitaji jembe, tulikuwa na moshi. Shemeji yangu akija kutoka Migori alikuwa akikaa jikoni dakika kumi, anapangusa macho, anaaga. Siku hizi anakuja asubuhi, anavuta kigoda, anatusimulia ndoa za watu wote hadi giza linaingia, na macho yake ni makavu kabisa.

Tena kuna jambo la siri hapa, naliandika tu kwa sababu wewe ni mwanamume mwenzangu. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikimwambia mke wangu kwamba siwezi kuingia jikoni kwa sababu moshi unaniumiza macho. Sababu hiyo ilitosha kabisa. Sasa mama Bosibori ananiangalia, anaangalia jiko, ananiangalia tena.

3. Vipimo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisonga ugali miaka hamsini kwa kukadiria na jicho, na hakuna aliyelala njaa wala aliyevimbiwa. Bosibori ananiuliza nakula gramu ngapi. Gramu! Mimi nakula mpaka nishibe. Kisha akachora sahani kwenye daftari, akaigawanya kwa mistari kama shamba la marehemu: nusu mboga, robo ugali, na kile kilichobaki eti ndicho cha nyama. Nimepewa kaploti kadogo pembeni, hata hakana njia ya kuingilia. Nilipouliza ni nani aliyeamua hivyo, nikaambiwa ni lishe bora.

4. Picha. Hapa, Mwalimu, naomba uvumilie. Mwalimu Caren alinipiga picha nikiwa nimeinama juu ya sufuria, jasho linatiririka, ulimi umetoka kidogo, tai nimeitupa begani isiingie kwenye unga, na yale maua mekundu yametanda kifuani. Akasema ni ya jalada la mwanafunzi. Nikakubali. Lo! Jioni ikawa kwenye ubao wa matangazo, na kesho yake kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp.

Sasa sikiliza madhara yake. Mimi ni msemaji wa ukoo wetu katika mambo ya mahari. Miaka kumi na minne sasa, mtoto wetu akitaka kuoa, mimi ndiye ninayeongoza wazee kwenda kuzungumza. Heshima ni hiyo tu niliyo nayo duniani, sina lori wala nyumba ya ghorofa. Wiki iliyopita tulikwenda Kosele kumwombea mpwa wangu Omwenga binti wa watu. Nikasimama, nikakohoa vizuri, nikaanza kuwasihi wapunguze ng'ombe. Mzee mmoja wa kwao akatoa simu mfukoni, akaipitisha kwa wenzake, wakaanza kuniita jatedo, yaani mpishi. Kisha wakasema hivi: ikiwa kwa ukoo wetu wanaume ndio wanaopika, basi binti yao haendi huko kufanya kazi, anaenda kukaa kama malkia, na malkia ana bei yake. Wakaongeza ng'ombe wawili!

Nikaketi. Mimi Elkana, nikaketi kabla hotuba haijafika katikati! Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili hii saa nne, na wazee wetu wameanza kunong'ona kwamba wanitoe, wamweke Bogonko. Mwalimu, Bogonko husinzia kwenye vikao. Aliwahi kuamka katikati ya mazungumzo akakubali bei ambayo ilikuwa bado haijatajwa. Hilo limeniuma sana, sitaficha. Nimekosa hata usingizi.

5. Taifa. Usidhani najitetea peke yangu. Somo hili likiendelea, wanaume wote wa Rongo watapika. Wakipika, mahari itapanda kote, kuanzia hapa hadi kisiwani Takawiri. Mahari ikipanda, vijana hawataoa. Wasipooa, watoto watazaliwa wapi? Wasipozaliwa, baada ya miaka kumi na mitano shule yako itakuwa na madawati na nyasi tu, na Mwalimu Caren atakuwa anawafundisha kunguru namna ya kukaanga omena. Kwa hivyo, ukitazama kwa makini, mimi nailinda kazi yako.

Kutokana na hayo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa:

(a) Somo lifutwe. Ikishindikana, basi wazazi wa kiume wasome nadharia peke yake, na mtihani wao uwe wa kuonja.

(b) Picha ile iondolewe ubaoni, nawe uandike barua yenye muhuri kwamba mtu huyo si mimi bali anafanana nami. Nitaisoma mwenyewe Kosele.

(c) Msijaribu kunibadilisha. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nimeshakauka kama obambo, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani. Mkinikunja nitavunjika.

Nisalimie naibu wako, walimu wote, na mpishi wa shule ambaye alinihurumia akanipa maji. Mlinzi wa lango aliyecheka hadi akashika ukuta, mwambie nimemsamehe, ingawa si leo. Mama Bosibori anawasalimu. Shemeji yangu pia anawasalimu, bado yuko hapa.

Ni mimi mzazi wako mtiifu na mwenye uchungu,

Mzee Elkana Nyabuto
Msemaji wa Ukoo (kwa sasa)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha Bosibori alipoleta matokeo yangu ya mapishi ya siku ya wazazi. Nimeona nimeandikiwa "Kukaribia Matarajio." Kukaribia! Na Ondieki, mzazi mwenzangu tuliyesimama naye sufuria kwa sufuria siku ile, amepewa "Kuzidisha Matarajio"! Mwalimu, kwa heshima zote, alichopika Ondieki ni uji uliochelewa. Ulikuwa na mabonge, niliyahesabu. Ugali wangu niliupindua kwenye sahani ukasimama wenyewe, haukuacha hata chembe sufuriani. Tangu siku ile nimesonga nyumbani mara nne, mlango ukiwa umefungwa, na mama Bosibori, mwanamke asiyenisifu ovyo, aliomba aongezewe mara mbili. Haki iko wapi? Nadai kusahihishwa upya, mbele ya mashahidi, na Ondieki awepo. Nimempigia simu Mwalimu Caren, naye anasema nafasi iliyopo ni Jumapili hii saa nne peke yake. Nimekubali. Kosele ataenda Bogonko.