Hotuba ya Uzinduzi wa Kadi ya Grafiki Iliyo Chini ya Kitambaa

Mheshimiwa Shangazi, Fundi Cherehani Mkuu, Mlezi wa Chama, Mwenye Nyumba, Mwenye Chumba hiki cha Uani na Mwenye Swichi Kuu ya Umeme. Mheshimiwa Fundi wa Kuchomelea, Mkandarasi Pekee wa Mradi. Mheshimiwa binamu yangu Chapuchapu, Mshambuliaji Tegemeo na Mlalamikaji wa Kudumu. Waheshimiwa wanachama kumi na wawili mliokaa kwenye viti sita. Na mimi mwenyewe, Mwenyekiti, Mwenyekiti Mwenza, Kaimu Katibu na Msemaji wa hao wote watatu: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje kimoyomoyo, mradi asinilie muda wangu. (Makofi. Shangazi anatazama saa.)

Ndugu wadau, leo ni siku ambayo wajukuu wetu watatuuliza ilikuwaje, nasi tutakosa pa kuanzia. Wote mnaikumbuka kadi yetu ya zamani, yaani ile sahani iliyo ndani ya kompyuta inayochora picha za gemu, marehemu aliyetutumikia miaka tisa bila likizo wala bima, mpaka akafika mahali golikipa anaonekana hana kichwa, mpira una pembe nne, na gari la mbio linapita ndani ya nyumba za watu bila hodi, huku joto lake likimwezesha Shangazi kuanika soksi mgongoni mwa kompyuta. (Kicheko. Shangazi: "Zilikauka vizuri, sikatai.") Siku ilipotoa moshi na kioo kikawa cheusi, mimi niliyeachana na shule kwa maelewano ya pande zote mbili, nilisimama hapahapa nikatamka kwa sauti ya kitaasisi: itanunuliwa mpya. Mkapiga makofi. Makofi hayo ninayo moyoni mpaka sasa.

Tangu hapo tumepitia mengi. Binamu yangu Chapuchapu, mnayemwona hapo mbele, hakukosa kuja hata siku moja. Huketi, hushika kidude cha kuchezea kisichounganishwa popote, akacheza mbele ya kioo cheusi huku akitangaza mpira mwenyewe, na jana, nasema kwa masikitiko, alifungwa mabao mawili kabla ya mapumziko. (Chapuchapu: "Refa alikuwa wao!")

Na hapo ndipo Mheshimiwa Shangazi, kwa hekima iliyomzidi umri, akatoa tamko, nalo nanukuu: "Sitaki chumba changu kigeuke stoo ya vijana wanaotazama giza. Jumamosi adhuhuri nisipoona kadi inafanya kazi, mnatoka na viti vyenu, naingiza kuku humu, maana wananidonolea vitambaa vya wateja." Mwisho wa kunukuu. (Shangazi: "Sijafuta neno. Halafu hao kuku wenyewe leo sijawaona tangu asubuhi.") Suala la kuku, Mheshimiwa, liko kwenye ajenda, aya ya mwisho, naomba subira.

Sasa tuingie kwenye takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu ni mpiga domo tu. Kwa mujibu wa fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, niliyoifanya kwa miguu yangu miwili na kandambili moja, kwa kuwa ya pili ilikatikia njiani, asilimia mia na ishirini ya wachezaji wa mtaa huu wana hasira, na hiyo ishirini ya ziada ni mama zao. Mwezi wa kwanza tulichanga, tukafika bei, nikaenda dukani, muuzaji akanipokea kwa tabasamu akasema, "Mdogo wangu, hiyo ilikuwa bei ya asubuhi." Tukachanga tena. Mwezi wa pili nikafika na mzigo kamili, akaniambia zimekwisha, kuna bwana amekuja na gari akabeba zote, hachezi hata karata, anazifungia ndani tu zipande bei kama mahindi. Mwezi wa tatu zikaja mbili. Nikazigusa, ndugu wadau! Nikagusa boksi kwa kidole hiki! (Makofi marefu. Mmoja anaomba kukishika kidole.) Muuzaji akanitoa mkono akasema zina wenyewe, zimeagizwa na watu wa akili bandia. Nikamuuliza, "Kwani akili bandia inacheza mpira?" Akasema, "Haichezi. Inafikiri." Nikamuuliza, "Na sisi je?" Akanitazama kuanzia kandambili kwenda juu, akacheka mpaka akashika kaunta. Mwezi wa nne bei ikawa ya pikipiki. Mwezi wa tano sikuuliza, nilipita upande wa pili wa barabara nikaitazama bei kwa mbali, kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi si wa kawaida, na mkinibishia ulizeni walimu wangu. Nilikaa, nikatafakari kistratejia, nikaja na dira: kitu adimu huibwa, na hakuna anayenunua ng'ombe kabla ya kamba. Kwa hiyo Kamati yangu, ambayo akidi yake ni mimi, iliazimia kwa kauli moja kwamba kabla ya kadi kuingia, yaanze miundombinu ya kadi. Ndipo tukamshirikisha Mkandarasi, naye akajenga kizimba cha usalama cha viwango vya kimataifa, hiki mnachokiona juu ya meza chini ya kitambaa: nondo nene, wavu imara, kufuli tatu zenye funguo tatu, matundu pande zote, kwa sababu kadi ya kisasa inahitaji hewa, na trei ya kuvuta upande wa chini, ya kukusanyia vumbi. (Fundi wa Kuchomelea: "Mimi nilikuuliza, hiyo kadi ina mabawa?") Nami nikamjibu, fuata mchoro. (Kitambaa kinatikisika.) Msishtuke, hiyo ni feni. (Chapuchapu: "Feni! Jamani, ina feni! Funua, Mwenyekiti!")

Utulivu, binamu. Mambo makubwa hayafunuliwi kama sufuria. Kwanza nieleze manufaa. Chini ya uongozi wangu mahiri, sikivu na wenye sura nzuri, tunatarajia fremu, yaani picha, mia moja arobaini na nne kwa kila sekunde moja, na wale wavivu wa hesabu niwasaidie kwa kusema ni nyingi. Mtaliona jasho la mchezaji tone kwa tone. Mtaliona jani moja moja la uwanja, na jani lenyewe litaona haya. Golikipa atarudishiwa kichwa chake. Katika awamu ya pili, kila kaya itapata kadi mbili, moja ya kuchezea na moja ya wageni, katika awamu ya tatu tutaziuza nje, na yule muuzaji atakuja kupanga foleni hapa uani, nami nitamwambia, "Kaka, hiyo ilikuwa bei ya asubuhi." (Vigelegele. Viti viwili vinavunjika. Sasa ni vinne. Shangazi: "Adhuhuri imefika, mwanangu. Washa.")

Nimekusikia, Mheshimiwa. Basi kwa pamoja: Kadi moja! (Wote: "Sauti moja!") Fremu zisikwame! (Wote: "Zisikwame!") Kioo cheusi! (Wote: "Kwisha!")

Asanteni. Sasa, kabla sijakata utepe, ambao ni kipande cha pindo la suruali ya mteja na kitarudishwa, naomba nitoe shukrani. Namshukuru Mkandarasi kwa kuukamilisha mradi kwa gharama iliyolingana, mpaka shilingi ya mwisho, na jumla ya michango yenu yote. (Minong'ono.) Namshukuru muuzaji, kwani kutotuuzia kwake ndiko kulikotufunza kujitegemea. Na zaidi ya yote nawashukuru ninyi wanachama, kwa imani yenu isiyoyumba juu ya kadi ambayo, kwa taarifa yenu, haijawahi kununuliwa, haijaagizwa, haijaingia nyumba hii, na wala Kamati haina habari itatoka wapi.

(Chapuchapu: "Mwenyekiti, unatutania." Mwanachama wa nyuma: "Sasa feni ni nini?")

Swali zuri. (Anavuta kitambaa. Kizimbani, juu ya nondo, wametulia kuku watano wa Shangazi. Mmoja anawika kwa kuchelewa. Mwanachama wa nyuma: "Na michango yetu?") Michango yenu hiyo hapo, ndugu yangu, inakula pumba. Nilianza kujenga nyumba ya kadi, hilo silifichi. Lakini kadi ilipogoma kuja, niliwatazama hawa leo asubuhi wakiwa juu ya gauni la bibi harusi, nikaelewa kwamba Mungu hampi mtu kizimba bila kumpa cha kutia. Mheshimiwa Shangazi, leo kimedonolewa kitambaa? (Shangazi anazunguka meza, anatikisa nondo, anajaribu kufuli moja baada ya nyingine, anavuta trei.) Hukutaka chumba, Mheshimiwa, ulitaka pa kuweka kuku. Pa kuweka kuku ni hapa. Kwa hiyo chumba, kimantiki...

(Shangazi: "Trei inavutika vizuri." Kisha, baada ya kuwatazama vijana kumi na wawili na viti vinne: "Haya, bakini humu. Lakini funguo zote tatu nipe mimi, na yai hata moja msiguse." Makofi. Mkandarasi anainama kwa heshima. Wawili waliokuwa wamevua viatu wamrushie Mwenyekiti wanavaa tena.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza na kwa kuvaa viatu. Saidieni kubeba kizimba mpaka nje, taratibu, wasije wakashtuka wakagoma kutaga. Halafu rudini, mkae vizuri mbele ya kioo. Binamu, shika kidude chako. Kipindi cha pili kinaanza, na tuko nyuma mabao mawili.