Bawa Moja na Michikichi Miwili

Jumanne, 8 Julai 2025
Mama amejikwaa tena kizingitini kwa giza. Goti limevimba. Dada yangu Brigita amepiga simu kutoka Rusimbi: anakuja Ilagala Jumatatu, na kama nyumba haina taa anamchukua mama, nyumba ifungwe. Nyumba ya baba! Matofali alifyatua mwenyewe. Shemeji Walter amejitolea kuleta sola. Nimekataa kwa adabu. Nina mpango.

Alhamisi, 10 Julai
Mtambo wa upepo. Wengine wote huweka mabawa matatu. Mazoea tu. Mimi naweka moja, jembamba, na upande wa pili jiwe la kusawazisha. Halina mwenzake wa kulichelewesha, kwa hiyo litakwenda kasi, na dinamo ya baiskeli inataka kasi.
Nimelichonga kutoka kafi la marehemu baba. Mama alilinusa kwanza, akasema bado lina harufu ya samaki, wale migebuka, kisha akanipa. Nilikumbuka asubuhi zile baba akirudi ziwani, karabai bado inawaka kwenye mtumbwi ingawa jua limeshatoka, na sisi wawili tukikimbilia kumpokea. Brigita alifika kwanza kila mara.

Ijumaa, 11 Julai
Jaribio la kwanza, saa tisa alasiri. Mlingoti mita sita. Ziwani mawimbi, kwa jirani nguo zinapepea, bawa langu limelala. Mzee Mwinshehe wa nyumba ya pili alitazama sana, akauliza kama ni kitu cha kufukuzia kunguru. Nilimpa shikamoo, nikaendelea na kazi.
Nimechunguza. Upepo unakingwa na mchikichi ulio mbele ya nyumba. Ipo miwili, baba alipanda mmoja kwa kila mtoto. Mrefu ni wangu, mimi ndiye wa kwanza. Mfupi, wenye makuti mengi, huo unaokinga upepo, ni wa Brigita. Unazuia mambo, kama mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai
Mama alikwenda misa. Nilisema nina mafua. Shoka, dakika arobaini. Mti ulianguka vizuri, upande wa ziwa. Bawa likazunguka! Nilijaribu kuhesabu mizunguko, ikanishinda. Nimeandika "mingi". Taa ikawaka chumbani kwa mama, mchana kweupe.
Mama aliporudi hakuitazama taa. Alisimama kwenye kisiki. Nilimkumbusha kwamba Brigita hata kuchuma chikichi haji. Akaniambia polepole kwamba ule niliouangusha ulikuwa wangu mimi. Wa kwanza uliliwa na mbuzi nilipokuwa na miaka minne. Baba akanipandia mwingine, Brigita akiwa amekwisha zaliwa na mti wake unakua, ndiyo maana wangu ukawa mfupi. Hakutaka nijue, nisije nikaona wivu. Mawese ya mti ule baba aliyakamua mbali na mengine, na chupa aliyoniletea shuleni kila muhula ilitoka humo.
Nilidhani mawese ni mawese tu. Nilikuwa nikiwagawia bweni zima.

Jumatatu, 14 Julai
Brigita amefika. Taa inawaka. Amesifu! Walter amepanda ngazi kulikagua jiwe, ameshuka akitikisa kichwa kwa heshima. Nilijua nimeshinda.
Mama akatoka na mkoba. Nikasema lakini mama, taa ipo, Brigita hakudai kingine.
"Taa nimeiona, mwanangu," akasema. "Ila acha niende kwa huyu ambaye mti wake bado umesimama."
Alinishika kichwa kabla ya kuingia garini, kama alivyofanya siku niliyokwenda kidato cha kwanza. Brigita alikuwa akilia. Mimi nilishika mlingoti.

Jumatano, 16 Julai
Nyumba kimya. Nimesonga ugali wa muhogo, umejaa madonge. Nimeula kwenye kitanda cha mama nikiitazama taa. Inapepesa. Mtu hawezi kuja kuishi na taa inayopepesa, na hapo ndipo nilipokosea.
Sababu nimeipata: mlingoti ni mfupi. Nikiuongeza mita nne, taa itatulia, na mama hatakuwa na sababu ya kukaa Rusimbi. Kikwazo ni kimoja. Kule juu bawa litagonga makuti ya mchikichi uliobaki.
Nimeshanoa shoka. Mama simwambii, nataka afurahi akikuta kazi imekwisha.