Hesabu Zilizosimamisha Duara Langu

Maduhu Masele,
Mwenye Duara,
Machimbo ya nyuma ya Kagongwa.
27 Desemba

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: KUOMBA MADA YA UWEZEKANO IONDOLEWE KICHWANI MWA BINTI YANGU

Pokea salamu zangu, pamoja na heshima iliyobaki baada ya wiki hizi tatu. Huku sisi ni wazima, isipokuwa kazi ndiyo imesimama.

Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, na shimo la kuchimbia huku tunaliita duara. Nilimleta kwako binti yangu Klara akiwa mtoto mwenye adabu, anayejua kwamba baba akishasema, jambo limekwisha. Sasa yuko kidato cha sita. Desemba hii amerudi likizo na daftari la Mwalimu Abdulshakur wa Hisabati, na tangu hapo nyumbani kwangu hakuna jambo linalokwisha. Kila kitu kina uwezekano wake. Nilivumilia nikidhani ni homa ya shule, itapita. Haikupita, na leo wachimbaji wangu kumi na wanne wamekaa juu wanacheza drafti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuku. Kuku wa Mama Klara alikuwa ameatamia mayai kumi, nasi tulishamwahidi jirani yetu Rhoda vifaranga kumi. Klara akauliza kuku huyo kwa kawaida hutotoa mangapi. Akaambiwa manane katika kumi. Akainama kwenye daftari, akainuka na kutangaza kwamba uwezekano wa yote kumi kutotolewa ni kama kumi na moja kwa mia. Yametotolewa saba. Nakuuliza wewe msomi: kabla mtoto hajafungua mdomo, ni yai gani lilijulikana kuwa viza? Hakuna. Mayai yote yalikuwa mazima mpaka yalipopigiwa hesabu. Hili ni dogo, nalitaja tu ili uone tabia ilivyoanza.

2. Mzee Ngusa. Kwenye duara letu hakuna anayeshuka asubuhi kabla hajamsimulia Mzee Ngusa ndoto yake. Mzee anazisikiliza zote, anafumba macho, kisha anasema kama mawe ya leo yana dhahabu au ni matupu. Jioni tunatwanga sampuli, tunaiosha kwenye karai, tunaona. Kazi hiyo ameifanya tangu machimbo ya Geita, na hakuna aliyewahi kumkosea adabu kwa kuhesabu. Binti yako wa shule akakaa na kalamu asubuhi kumi na sita, akiweka vema na kosa. Kila asubuhi hiyohiyo akarusha na sarafu ya shilingi mia mbili, ubavu mmoja ipo, ubavu mwingine hakuna. Mzee akapata saba. Sarafu ikapata tisa.

Sarafu, Ndugu Mkuu! Kitu kisicho na ukoo, ambacho hakijawahi kuota hata mara moja. Tena Klara akaona anamtetea mzee, akasema eti sarafu haijamshinda, wako sawa tu, tofauti ya mbili ni bahati. Tangu hapo mzee wa watu hasemi tena leo ipo, anasema leo labda. Mtabiri anayesema labda ni wa kazi gani? Labda hata mimi naijua.

3. Ardhi. Hili limenichoma. Nimechimba maduara kumi na moja bila kukutana na mkanda wa dhahabu, na hili ni la kumi na mbili. Mtu yeyote mwenye akili anaona kwamba zamu yangu imefika, maana huwezi kukosa mara kumi na moja halafu ukakosa tena. Ardhi nayo ina haya. Klara akazunguka machimbo yote akiuliza. Amekuta maduara sitini, yaliyopata ni sita. Basi, akasema mbele ya mama yake, duara la kwanza la baba lilikuwa na nafasi moja katika kumi, na la kumi na mbili lina nafasi moja katika kumi, ileile. Ardhi haikumbuki uliyokosa, baba. Ndivyo alivyosema.

Niliumia. Nimeipa ardhi hiyo miaka tisa, magoti yangu mawili na mbuzi kumi na mmoja wa kafara, halafu naambiwa hainikumbuki. Hata mkopeshaji wa Tinde ananikumbuka.

4. Kutitia. Hapa ndipo mwalimu wako alipovuka mpaka. Kwa mujibu wa kanuni ya Mfaransa mmoja marehemu, ambaye nina hakika hakuwahi kushika sululu, Klara amehesabu maduara yaliyotitia hapa machimboni mwaka mzima. Ni ishirini na manne, wastani mawili kwa mwezi. Akaandika kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji kwamba uwezekano wa mwezi kupita bila duara hata moja kutitia ni kumi na tatu na nusu kwa mia. Akautundika penye winchi, mahali ambapo kila anayeshuka lazima ausome.

Kwanza, kumi na tatu na nusu si sifuri. Watu kumi na wanne wenye imani wangeweza kujibana humo. Pili, nami nilitumia hesabu yao hiyohiyo: wastani ni mawili kwa mwezi, na Desemba hii mawili yameshatitia kabla ya tarehe kumi. Kwa hiyo mgawo wa mwezi umekwisha, na kuanzia tarehe kumi mpaka mwaka mpya hakuna siku salama kuliko hizi. Niliwaeleza wachimbaji taratibu, kama mwalimu. Klara akajibu kwamba kutitia hakuangalii kalenda, na kwamba matimba yetu ya kuzuia kuta ndiyo ya kuangaliwa. Ni kweli nimeyang'oa kwenye duara la tisa. Kule yalinishikilia, kwa nini hapa yasinishikilie?

Fredy na Nassibu, ambao ndio vichwa vya kundi, wakasoma ule mfuko, wakasogea pembeni kuzungumza, wakarudi na kusema hawashuki mpaka matimba yabadilishwe. Fredy huyo hajamaliza darasa la saba! Lakini sasa ananiuliza wastani.

Kwa hayo yote, naomba:

(a) Mwalimu Abdulshakur aje asimame juu ya kifusi na kutangaza kwa sauti kwamba hesabu zake zinaishia kwenye geti la shule.

(b) Klara apewe sifuri katika mada hiyo, na sifuri hiyo itumwe mapema ili niibandike penye winchi.

(c) Wizara ishauriwe kuweka mada nyingine isiyo na madhara, kama vile maumbo.

Kesho asubuhi nitashuka mwenyewe, peke yangu, ili waone tofauti ya mwanaume na mfuko wa saruji.

Wasalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa geti, na matroni Sesilia aliyemuuguza Klara alipopata malaria. Mwalimu Abdulshakur simsalimii, ila nikisikia anaumwa nitasikitika.

Ni mimi mzazi mwenye hasira na nidhamu,
Maduhu Masele (Baba Klara)

N.B. Leo ni tarehe 28, na barua sijaiposti. Asubuhi nilifunga kamba kiunoni. Klara akakaa juu ya mpini wa winchi akakataa kuondoka, mama yake akaja akakaa kando yake. Niliwatukana wote wawili, na nilikuwa bado natukana wakati duara lilipotitia. Ilianza sauti ndogo huko chini, kisha matimba yakavunjika na mdomo wote ukaingia ndani, nami nikavutwa nyuma na Fredy kwa kamba ileile. Maombi yangu (a), (b) na (c) nayafuta. Barua naituma hivyohivyo, maana karatasi nyingine sina, na ni vizuri ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Vumbi lilipotulia niliita majina ya wachimbaji wangu, mmoja mmoja. Wote kumi na wanne wakaitika. Nikayaita tena kuanzia la kwanza.