Dakika za Warithi Wasio na Wakili

Masjala ya Mirathi ya Delta ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo sugu la warithi kusema limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi huo niliubuni mimi, Godhana, Karani Mkuu, bila kuombwa na mtu.

Asiyewahi kukaa masjalani kwetu hapa Garsen hawezi kujua tulivyoteseka. Aliye na wakili hana shida: wakili husema sentensi tatu, huomba kesi iahirishwe, sote tukaenda kula. Asiye na wakili husema yote. Mzee mmoja wa Golbanti alisimama saa tatu asubuhi kudai migomba sita ya babake, na kufikia adhuhuri alikuwa bado anaeleza jinsi mto ulivyohama mwaka wa Elnino. Kadhi wetu, ambaye huja mara mbili tu kwa mwezi, alimsikiliza hadi mwisho. Mbaya zaidi, alimpa migomba.

Ndipo nikatoa Waraka Namba Saba. Mdaawa asiye na wakili atasema kwa kadiri ya fungu lake katika mirathi, saa moja ikihesabiwa kuwa mirathi nzima. Mwenye nusu, nusu saa. Mwenye sudusi, dakika kumi. Hataruhusiwa kumsemea mwingine, awe mtoto, mgonjwa au ng'ombe, wala kumgawia mwingine dakika zake. Na atakayepitisha muda, hata kwa neno moja, atahesabiwa kuwa ameondoa dai lake kwa hiari. Hilo neno "hiari" nililifikiria wiki nzima.

Mbeyu, karani wangu wa dirishani, alipewa kazi ya kupima muda kwa simu yake, ambayo huwika kama jogoo.

Kwa sadfa tupu, kesi ya kwanza chini ya waraka ilikuwa yangu. Kakangu Nuh alifariki baada ya Idd, Mungu amrehemu, akaacha mjane aitwaye Darmi, wavulana wawili, msichana mmoja na ng'ombe ishirini na wawili. Mimi niliingiwa na huruma, nikaomba nikabidhiwe ng'ombe wote. Nilieleza kwamba marehemu alinipa kwa mdomo, tukiwa wawili tu, siku ambayo siikumbuki vizuri.

Darmi alikuja dirishani.

"Shemeji, hizi ng'ombe ndiyo maziwa ya watoto. Ukichukua, watakunywa nini?"

"Hoja nzuri," nikamwambia. "Iweke ndani ya dakika zako."

"Ngapi?"

"Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni. Dakika saba na nusu."

"Na watoto?"

"Wana zao. Ila waseme wenyewe, na kisheria bado ni wadogo mno kusema."

"Ule mdogo ana miaka mitatu. Akae kimya mpaka akue?"

"Waraka haumharakishi."

Akausoma waraka niliokuwa nimeubandika mlangoni kuanzia juu hadi chini, akaenda zake.

Siku ya kesi nilifika na faili tatu na hotuba ya kurasa arobaini na moja. Wakili sikuweka. Wakili hutoka Malindi, naye hutaka nauli, chakula cha mchana na heshima, na heshima nilikuwa naihitaji mwenyewe. Isitoshe, mtu aliyekaa masjalani miaka kumi na tisa si mdaawa hasa. Ni sehemu ya jengo.

Kadhi alipoingia alisimama mbele ya ule waraka mlangoni, akausoma, akavua miwani.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa," nikasema kwa unyenyekevu.

"Na huyu mama anaujua?"

"Nilimweleza mwenyewe."

"Basi leo tuufuate."

Darmi alisimama. Hakulia, wala hakuutaja mto. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja. Huyu mweusi, mamake alikuwa mahari yangu. Huyu mwenye baka tulimnunua Tarasaa mwaka wa ukame. Huyu hakubali kukamuliwa na mtu ila binti yangu. Kadhi akawa anaandika. Kwa dakika nne alikuwa amewamaliza wote ishirini na wawili, na mimi nikagundua kwamba katika kurasa zangu arobaini na moja hakukuwa na ng'ombe hata mmoja ninayemjua.

"Nimemaliza," akasema Darmi. "Imebaki tatu na nusu. Nampa shemeji."

"Kwa nini umpe?" kadhi akauliza.

"Naona yeye hana."

Kadhi akamgeukia Mbeyu. "Fungu la ndugu wa marehemu ni ngapi?"

Mbeyu akapekua orodha ya mafungu, ile niliyomwandikia kwa mkono wangu. "Marehemu ameacha watoto wa kiume, mheshimiwa. Ndugu hapati kitu. Ni sufuri."

"Sufuri ya saa nzima?"

"Nimepiga hesabu mara mbili, mheshimiwa."

Hesabu hiyo mimi sikuwa nimeipiga. Waraka nilikuwa nimewaandikia watu.

"Hizi tatu na nusu je, anaweza kupewa?"

"Waraka umekataza."

Nikasimama na faili zangu tatu. "Mheshimiwa, lakini..."

Jogoo akawika.

Kadhi akaandika huku akisoma kwa sauti, taratibu: "Mdai ameondoa dai lake. Kwa hiari." Akaamuru ng'ombe wabaki kwa mjane na watoto, kila mmoja kwa fungu lake. Alipokuwa akitoka aliubandua waraka mlangoni, akaukunja vizuri, akanikabidhi.

"Mchimba kisima, bosi..." Mbeyu akaanza, kisha akakumbuka ni nani anayemwidhinishia likizo, akanyamaza.

Nje Darmi alikuwa ananingoja na kibuyu cha maziwa.

"Nilikuja nacho asubuhi, nikaona uko na kazi. Ni ya yule mwenye baka. Utamjua sasa."

Niliona haya. Nimetafuta fomu ya jambo hilo masjalani, hatuna. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, yeye akainua kidole.

"Dakika zako, shemeji," akasema. "Kunywa tu."

Nikanywa.