Bei ya Ufuta Ilipoishia Nambilanje

Jamani, leo nimeaibika. Na si kwa siri. Mbele ya wakulima wa Mandawa!

Mimi ni fundi mtandao wa chama cha ushirika, ofisi yetu iko Nachingwea. Mtandao unarushwa kwa minara: Nachingwea kwenda Ruangwa mjini, Ruangwa kwenda Nambilanje, Nambilanje kwenda Mandawa. Kati ya kituo na kituo kuna kiboksi tunachokiita daraja. Juzi ujumbe ulikuwa unazunguka tu kwenye madaraja, mtandao mzima ukawa mzito. Jana nikaweka kikomo: ujumbe ukishavuka madaraja mawili, basi, unatupwa. Mtandao ukawa mwepesi. Nikajipongeza kwa chipsi mayai.

Leo ni mnada wa ufuta. Asubuhi akanipigia Mama Somoe, mwenyekiti wa wakulima wa Mandawa.

"Fundi, wenzetu wa Ruangwa wameshaona bei. Sisi skrini nyeupe! Wanunuzi wanataka jibu kabla ya adhuhuri, la sivyo mzigo wetu unabaki ghalani."

Nikadandia bodaboda. Nimefika nina vumbi jekundu hadi kwenye kope (picha sitoi). Ghala limejaa watu, wote wananitazama.

Nikakagua nyaya. Nzima. Nikapanda paani kukagua antena. Nzima. Nikashuka, nikamgeukia mlinzi wa ghala.

"Mzee, nani kagusa hapa?"

"Hakuna, mwanangu."

"Una uhakika?" (Mzee wa watu!)

Sasa nikaona niwatulize wakulima. Nikashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, huku kwenu hakuna tatizo. Kuna mtu Nachingwea kachezea mitambo. Nampigia msaidizi wangu sasa hivi, mtasikia wenyewe."

Nikampigia Shaibu. Nikaweka spika. Nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti. (Hakuna aliyenilazimisha.)

"Shaibu, angalia mipangilio. Kuna nini?"

"Ngoja... Dada, kikomo ni madaraja mawili. Kufika Mandawa yanatakiwa matatu."

"Mpuuzi gani kaweka mawili?"

Nikasikia anakohoa.

"Shaibu?"

"Ni wewe, dada. Jana. Ukasema tusiguse, hiyo ni kazi ya wataalamu."

Ghala likalipuka! Mama Somoe akakaa juu ya gunia, anafuta machozi kwa khanga. Bibi mmoja aliyekuwa mbele akauliza, tena kwa upole kabisa: "Kwa hiyo bei yetu imelala Nambilanje?"

Nikamwambia Shaibu aongeze kikomo. Haikuchukua hata dakika, bei zikaingia. Wakulima wakajadili, wakanyoosha mikono, wakakubali kuuza, adhuhuri bado. Nikamfuata mlinzi kumwomba radhi.

"Yameisha, mwanangu," akasema. Halafu akageuka pembeni, mabega yanamtikisika.

Msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha. Nawaachia hili tu: ukianza kutafuta mchawi, zima spika kwanza.